Gari linachelewa kuchanganya au linazima ukikanyaga mafuta: uanze na plagi, pampu au masega?

Gari likianza kusita ukikanyaga mafuta, gereji nyingi zitakupa jibu kabla boneti haijafunguliwa. Wa kwanza atasema plagi. Wa pili atasema pampu ya mafuta. Wa tatu atakwambia masega (kile kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi) yameziba, yatobolewe. Kila mmoja amewahi kuona gari lililopona kwa dawa anayoitaja, ndiyo maana anaitaja kwa uhakika. Lakini injini ya petroli inataka moto (cheche ya plagi), mafuta na hewa kwa pamoja, na chochote kati ya hivyo kikipungua dereva anapata malalamiko yale yale: nakanyaga, gari haliendi.

Kinachotofautiana ni namna linavyokataa. Hapo ndipo unapookoa fedha. Nitatumia Toyota IST ya toleo la kwanza, ya 2002 hadi 2007, yenye injini ya 2NZ-FE ya 1.3 au 1NZ-FE ya 1.5. Ndugu zake wa injini ni Vitz, Platz, Probox, Succeed na Fielder, kwa hiyo wasomaji wengi watajikuta humu. Mwenye gari jingine atabadilisha namba chache tu, kanuni ni zile zile.

Kabla ya yote, hakikisha ni injini

Tazama mshale wa resi, yaani mizunguko ya injini kwa dakika. Ukikanyaga na resi zinapanda hadi 4,000 huku gari likijivuta, injini inafanya kazi yake na nguvu inapotelea njiani, kwenye klachi au giaboksi. Usinunue plagi. Angalia kiwango cha oili ya giaboksi, rangi yake, na kama inanuka kuungua. Yanayofuata hapa yanahusu gari ambalo resi zenyewe zinagoma kupanda, au zinapanda kwa kukatakata.

Ondoa pia suala la mwinuko. Injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi. Gari lililozoea Mombasa likifika Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, litakuwa zito, na huo si ugonjwa. Uzito wa mwinuko haushtuishwi na mvua, haukohoi, haubadiliki kati ya asubuhi na jioni. Gari linalopanda Mlima Kitonga kwa gia ya chini bila kukata ni zima. Linaloanza kupanda vizuri kisha likaanza kufifia katikati ya kona, hilo ndilo la kupimwa.

Moto dhidi ya mafuta

Hapa ndipo penye kesi nyingi, na ndipo watu wanapochanganya zaidi.

Moto ukipungua, gari linashtuka. Unahisi vipigo vya ghafla, vikali, kama mtu anakuvuta na kukuachia, na mara nyingi mwili wa gari unatikisika hata kwenye usukani. Mafuta yakipungua, gari linafifia. Nguvu inaondoka taratibu, mlio unakuwa mnene, ukiachia pedeli kidogo linapumua na kuendelea, ukikanyaga tena linarudi kule kule.

Zipo sababu za tofauti hiyo. Koili, kifaa kinachoipa plagi umeme wake, ikidhoofika inaweza kuendesha injini vizuri kabisa kwenye sailensa, yaani injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, kwa sababu presha ndani ya silinda ni ndogo na cheche inaruka kirahisi. Ukikanyaga, hewa nyingi inaingia, presha inapanda, na cheche inahitaji volteji kubwa zaidi kuvuka nafasi ile ile ya plagi. Koili dhaifu inashindwa hapo hapo. Ndiyo maana tatizo la moto hupenda kujitokeza kwenye resi za chini zenye mzigo: umetoka kwenye tuta, AC imewashwa, abiria wanne, unakanyaga. Pampu dhaifu ni kinyume chake. Inatosheleza mwendo mdogo, inashindwa pale injini inapotaka mafuta mengi kwa muda mrefu: kilomita 110 kwa saa kwenye barabara tupu, au mlima usioisha.

Mvua na unyevu huelekeza kwenye moto. Gari linalosumbua baada ya kuoshwa injini, halafu likatulia likikauka, nitatazama koili na mipira yake kabla ya kitu kingine. Tangi lililo chini ya robo huelekeza kwenye pampu. Pampu ya IST imekaa ndani ya tangi na inapozwa na mafuta yanayoizunguka, kwa hiyo ikichoka huwa mbaya zaidi mafuta yakiwa kidogo na jua likiwa kali.

Tofauti kubwa kuliko zote ni hii: koili moja huua silinda moja, pampu huzinyima zote nne. Kompyuta ya kupimia ikisoma kodi (namba ya hitilafu) P0302, yaani silinda ya pili haichomi, pampu si mtuhumiwa wa kwanza. Kwa nini iinyime namba 2 peke yake? Ikisoma P0300, kukosa moto kusiko na silinda maalumu, au P0171, mchanganyiko wenye mafuta haba, hapo ndipo pampu, filta na hewa ya wizi (inayoingia bila kupimwa) vinapoingia kwenye orodha.

Kupima moto hakuhitaji kununua chochote. Chukua mfano wa hiyo P0302. Zima injini. Koili zimekaa juu ya plagi, nne kwa mstari, kila moja imeshikwa na bolti ya namba 10. Silinda namba 1 ni ya upande wa mkanda. Chomoa soketi ya koili ya pili kwa kubonyeza klipu yake taratibu, maana plastiki ya miaka ishirini hukatika ukiivuta kwa hasira, kisha ihamishe kwenye namba 3 na ya tatu uilete namba 2. Futa kodi, nenda kwenye mlima ule ule ulikokuwa unasumbuka. Kodi ikihamia P0303, umeshika mwizi: nunua koili moja. Ikibaki P0302, koili haina hatia, hamisha plagi kwa namna ile ile. Ikibaki tena, zimebaki nozeli (inayopuliza mafuta) na kompresheni (mgandamizo) ya silinda hiyo.

Ukiwa umeshafungua, tazama shimo la plagi. Oili ikiwa imejaa humo, sili za tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) zimekufa, na koili mpya utakayoweka itaharibika kama ya kwanza. Tazama pia porsileni nyeupe ya plagi. Mstari mweusi mwembamba unaotoka juu kwenda chini ni njia ya umeme unaovuja badala ya kuruka. Na angalia namba iliyoandikwa. Plagi za injini hii, kama Denso K16R-U11, zina nafasi ya milimita 1.1, na ile 11 ya mwishoni ndiyo inayosema hivyo. Plagi iliyochakaa hadi nafasi ikazidi hapo inaichosha koili kila siku.

Taa ya cheki injini ikiwa inamulika badala ya kuwaka tu, punguza mwendo na usiendelee kulazimisha. Inakuonya kwamba petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosi na kuunguza masega. Tatizo la koili moja linageuka kuwa la vitu viwili.

Upande wa mafuta, kinachoamua ni geji ya presha. Kwa 1NZ-FE na 2NZ-FE presha inatakiwa iwe kati ya kPa 304 na 343, sawa na psi 44 hadi 50. Fundi anaunga geji kwa kiunganishi cha T kabla ya nozeli. Kosa ninaloliona likirudiwa ni kupima gari likiwa limesimama kwenye sailensa, geji ikasoma 45, pampu ikatangazwa nzima. Kwenye sailensa injini inakunywa kidogo mno, hata pampu mgonjwa inatosheleza. Geji yenye mpira mrefu ipitishwe chini ya boneti, ifungwe kwenye waipa mbele ya kioo, gari lipelekwe mlimani na mtu wa pili aisome. Presha ikishuka kutoka 45 hadi 30 wakati ule ule gari linapofifia, huhitaji ubishi tena. Ikisimama 45 huku gari linafifia, pampu imesafishwa jina lake, na umeokoa fedha nyingi.

Kuna mtego mmoja. Watu wameambiwa waweke swichi na kusikiliza mlio wa pampu. Kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo pampu haianzi kwa swichi peke yake, inasubiri starta izunguke. Ukimya huo haumaanishi pampu imekufa. Na presha ikiwa ndogo, pima kwanza volteji inayofika kwenye soketi ya pampu injini ikiwa inawaka. Waya uliooza au rilei iliyoungua inaweza kuinyima umeme pampu nzima kabisa.

Mafuta yenyewe nayo yahojiwe, hasa kama tatizo limeanza baada ya kujaza. Chota nusu lita kwenye chupa angavu, acha itulie: maji hukaa chini na mstari wake unaonekana. Mafuta ya taa hayajitengi hivyo, ila tone lake kwenye karatasi nyeupe huacha alama ya mafuta, wakati petroli safi hukauka na kuondoka. Uchakachuaji ulikuwa janga kiasi kwamba EWURA, mdhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuua faida ya kuchanganya. Fanya kazi ya uchotaji mbali na sigara na cheche, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu.

Hewa: inayoibiwa na isiyopimwa

Mpira mkubwa wa hewa kati ya sensa ya hewa, ile mafundi wanaiita MAF, na mdomo wa injini hupasuka kwenye mikunjo yake. Hewa inayoingia kwenye mpasuko haikupimwa, kompyuta inatoa mafuta kidogo, gari linasita mwanzoni mwa kukanyaga kisha linakaa sawa. Sensa chafu nayo inadanganya, inasema hewa ni kidogo kuliko ilivyo.

Dalili zote hizi zinaweza kuleta P0171 ile ile inayoletwa na pampu dhaifu. Hapo kuna kipimo kizuri ambacho gereji nyingi hazikitumii ingawa mashine wanayo: asilimia za marekebisho ya mafuta, ambazo programu huandika STFT na LTFT. Zikijumlishwa na kubaki ndani ya 10 juu au chini, injini haina njaa. Zikiwa kubwa kwenye sailensa, tuseme +25, kisha zikashuka ukishikilia resi 2,500, ni hewa ya wizi, maana mpasuko ule ule ni sehemu kubwa ya hewa kidogo lakini sehemu ndogo ya hewa nyingi. Zikiwa za kawaida kwenye sailensa na zikazidi kupanda kadiri unavyoongeza mzigo, ni pampu, filta, au sensa ya hewa chafu. Kuzitenganisha hizi za mwisho ni rahisi: sensa isafishwe kwa dawa yake maalumu, bila kugusa waya wake kwa kidole wala kitambaa, iachwe ikauke. Isipobadilika kitu, rudi kwenye geji ya presha.

Gari linalozima unaposimama kwenye taa, na si unapokanyaga, mara nyingi ni uchafu kwenye kipepeo cha hewa. Kisafishwe, uendelee na safari.

Pampu dhidi ya masega

Hawa wawili hufanana mno. Vyote viwili vinafifisha, vyote viwili huonekana zaidi kwenye mwendo mkubwa na milima. Pampu inashindwa kuingiza, masega yaliyoziba yanashindwa kutoa.

Gari lenye masega yaliyoziba halifufuki ukiachia pedeli kidogo kama la pampu, linakuwa zito tu siku hadi siku. Mwendo wa juu unapungua: mwezi uliopita lilifika 120, sasa 90, baadaye 70. Hata likiwa limesimama, bila gia, resi zinaweza kugoma kupita 3,000. Moshi wa ekzosi unatoka kwa unyonge, na chini ya gari kunakuwa na joto kali kuliko kawaida.

Kipimo chake ni geji ya vakyumu. Injini nzima usawa wa bahari husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki kwenye sailensa. Panda hadi 2,500 ushikilie. Mshale ukirudi na kusimama imara, ekzosi iko wazi. Ukishuka polepole wakati wewe hujabadilisha mguu, moshi umekwama. Asiye na geji anaweza kufungua oksijeni sensa ya mbele na kuendesha umbali mfupi. Kelele itakuwa kubwa, lakini nguvu ikirudi ghafla jibu umelipata.

Kutoboa masega sikushauri. Gari litachangamka, kweli, lakini masega hayazibi bila kisa. Mara nyingi yameunguzwa na petroli iliyopita bila kuchomwa au na oili inayoliwa na injini, na hicho kilichoyaua bado kipo. Tena harufu na moshi wake tunavuta sisi wenyewe na watoto wetu barabarani.

Linapozima kabisa

Kusita ni jambo moja, kuzima katikati ya barabara ni jambo jingine, na hapa watuhumiwa wakuu ni wawili: pampu na sensa ya krenki, ile inayoiambia kompyuta ya gari kwamba injini inazunguka. Pampu ikifa gari hukohoa kwanza, sekunde chache za kuhangaika. Sensa ya krenki ikikata, injini inazima kama umegeuza funguo, mshale wa resi unaanguka sifuri gari likiwa bado linatembea. Baada ya kupoa linawaka kama hakuna kilichotokea. Kodi yake ni P0335, ingawa si kila mara huandikwa. Kwa vile inasumbua ikiwa moto, ipimwe ikiwa moto. Asubuhi kwa fundi itaonekana nzima.

Likizima ukiwa kwenye mwendo, usukani utakuwa mzito na breki itabaki na nguvu ya kukanyaga mara moja au mbili tu. Kanyaga mara moja, imara, usipige-pige, elekea pembeni, washa taa za hatari.

Kompyuta, geji, au kubadilisha vifaa?

Kompyuta ni nafuu na ya haraka, na ningeanza nayo, mradi ujue inachosema. Inakutajia mfumo uliolalamika, haikutajii kifaa kilichokufa. P0171 imewauzia watu oksijeni sensa nyingi zisizo na kosa, kwa kuwa ile sensa ndiyo iliyoripoti njaa na ikaadhibiwa kwa kuripoti. Elewa pia kwamba vile vifaa vidogo vya Bluetooth vya kuunganisha na simu havizungumzi na baadhi ya magari ya soko la ndani la Japani ya miaka hiyo. Kisiposoma, tafuta fundi mwenye mashine inayoijua Toyota ya Japani.

Geji inachukua muda na inataka fundi mvumilivu, lakini haibishani. Kwa tatizo la kufifia ningelipia geji mbili, ya presha na ya vakyumu, kabla ya kununua kifaa chochote, hata kama kompyuta haina kodi. Masega na pampu mara nyingi havileti kodi mpaka vimezidi.

Kubadilisha vifaa kwa kubahatisha ndiyo njia ya gharama kubwa, ila nina ruhusa moja: plagi. Kama hujui zimebadilishwa lini, badilisha zote nne, maana zilikuwa zinahitajika hata hivyo. Koili usinunue nne kwa mpigo. Kuhamisha ni bure. Na ukifika Gerezani (Dar es Salaam) au Grogan (Nairobi) kutafuta koili, mtumba halisi ya Denso iliyojaribiwa kwenye gari lako kabla ya kulipa ni bora kuliko mpya isiyojulikana yenye boksi zuri.

Onyo kwa wenye Noah, Voxy na RAV4 za injini ya D-4, ile 1AZ-FSE. Humo petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda na kuna pampu ya pili yenye presha kubwa mara nyingi zaidi, ambayo geji ya kawaida isiunganishwe nayo kabisa. Kaboni nayo hujaa kwenye njia za hewa, na gari husita kwa sababu ambayo IST haijui. Hizo zipelekwe kwa anayezifahamu.

Kama wiki hii una fedha ya jambo moja tu: gari linaloshtuka, nunua plagi na uhamishe koili. Gari linalofifia na kufufuka, lipia geji ya presha, ipimwe mlimani. Gari linalozidi kuwa zito kila wiki, lipia geji ya vakyumu. Na gari linalozima ghafla na kuwaka likipoa, lisitoke nje ya mji mpaka sensa ya krenki ipimwe.